Mstari Mmoja Katika Ukurasa wa Ubongo

Munigi, saa tisa alasiri

Asifiwe wangu,

Uko kwa shangazi yako, unasukwa. Mikono yake naijua, hatamaliza kabla jua halijazama, kwa hiyo nina muda wa kuandika polepole, na nikiharibu ukurasa nitachukua mwingine. Sogokuru wako, baba yangu, amekaa nje kwenye kiti chake, karibu na ukuta wa mawe, anamwangalia kuku anayechimbachimba. Sanduku lako limefungwa. Nimelifungua mara tatu kuhakikisha kwamba limefungwa vizuri, halafu nikajicheka mwenyewe.

Habari za sweta sitaandika, wala za dawa ya malaria, wala za kukaa katikati ya boti mbali na ukingo. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kunijibu kabla sijafungua mdomo. Nataka kuandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, nawe unalihitaji kabla ya kukaa mbele ya yule profesa huko Bukavu. Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Zile tatu za kwanza zilianza na habari za mvua.

Kwanza niseme furaha yangu, maana ipo, tena ni nyingi.

Mwaka huu mzima, kila jioni baada ya kula, ulinipa kaye lako, daftari lako la udaktari, nilishike nikuulize maswali, nawe ukatembea kutoka kwenye jiko mpaka mlangoni ukijibu. Watu wa ofisini wakiniuliza kwa nini nakimbilia nyumbani, nawaambia nina masomo. Wanadhani ni mzaha. Mimi niliyeishia diploma ya shule ya sekondari, karani wa vyeti vya kuzaliwa, leo najua njia ya damu ndani ya figo kuliko njia ya kwenda sokoni. Nimesoma udaktari kwa kushika kaye la mwanangu. Sijui kama kuna mama mwingine Goma aliyepewa zawadi ya namna hiyo.

Unakumbuka jioni ile figo ilipokataa kuingia kichwani mwako? Ulitupa bic, kalamu yako, juu ya meza.

"Mama, hii haina maana. Figo inatosha inje maji yote, chumvi yote, sukari yote, halafu inaanza kurudisha tena! Si ingetosha tu uchafu, ikalala?"

Nikakueleza jinsi mama yangu, ambaye hukumkuta, alivyosafisha nyumba kila mwisho wa mwaka. Alitoa kila kitu nje: vitanda, sufuria, mikeka, Biblia. Halafu alisimama mlangoni na kurudisha ndani kitu kimoja kimoja, kile tu alichokitaka. Uchafu wote wa dunia asingeweza kuujua kwa majina, lakini vitu vyake alivijua. Kilichobaki nje kikatupwa.

"Na Sogokuru?" ukauliza. "Naye alimutosha inje?"

"Alimutosha. Akamurudisha wa mwisho, baada ya kufikiri."

Sogokuru alikuwa kwenye kona yake, tukidhani amesinzia. Akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja wa uso mpaka tukamletea maji. Tangu jioni ile hukukosea tena swali la figo.

Kinga ya mwili ulijifunza kwake yeye, ingawa hasemi. Ulimwonyesha kwa vidole na vikombe. Ulimkumbusha alivyokuwa akinywesha ng'ombe kule Masisi, makundi manne kwenye kijito kimoja, na alivyotenga wake bila kukosea kwa kuangalia pembe na rangi tu. Ukamwambia chembe nyeupe za damu nazo zinafundishwa hivyo, kutambua kwanza walio wa nyumbani, na ile inayopiga wa nyumbani inaondolewa kabla haijatoka kwenda kazini. Mimi nikasoma swali lililofuata: na kama moja ikiponyoka? Ukajibu haraka, bila kusita: "Basi mwili unajipiga mwenyewe, ukidhani unapiga adui."

Nikafunua kurasa mbele na nyuma. Ulidhani nimepoteza ukurasa. Sikuupoteza, nilikuwa nafikiri juu ya nyumba hii, na miaka kumi.

Unajua nilikubeba nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho wa shule, nikiwa wa kwanza darasani katika biolojia na kemia. Habari za baba yako unazijua, sina la kuongeza. Usilolijua vizuri ni kwamba baba yangu alikuwa ameshawaambia watu wote wa kanisa kwamba binti yake atakuwa docta. Alipoiona mimba hakunipiga, wala hakunifukuza. Aliacha tu kusema nami. Mtihani wa serikali niliufanya nikiwa nimevaa koti la mama yangu, nikafaulu, nikaleta karatasi nikaiweka mbele yake. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia bila neno.

Wewe ulipozaliwa akapata njia. Alikuwa anakupakata, mtoto wa wiki mbili, anakuambia kwa sauti kubwa: "Weye mutoto, ambia ule mwenye alikuzala kwamba viazi havijaiva." Nami kutoka jikoni nilikujibu wewe: "Asifiwe, ambia Muzee avumilie kidogo." Majirani walikufa kwa kicheko. Ulipoanza kusema ukawa tarishi wetu kweli. Ulikimbia kutoka kitini pake mpaka jikoni, hatua sita, ukiwa na maneno mdomoni kama mtu aliyebeba yai. Kwako ulikuwa mchezo. Sisi wawili tuliishi kwa hatua zako hizo sita.

Nami nilikizoea kimya chake. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lile la pili lilizaliwa na hilo. Nilikizoea kiasi kwamba sikukisikiliza tena. Nilidhani nakijua chote.

Usiku wa mwisho kabla ya ugonjwa wake tulikula maharage ya Kibumba, yale makubwa mekundu. Ulikuwa na miaka kumi. Alikula sahani mbili, akakuita: "Asifiwe, ambia mama yako maharage ya leo iko mazuri sana." Ukaja ukaniambia. Katika miaka kumi ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita "mama yako". Mpaka siku ile nilikuwa "ule mwenye alikuzala". Niliosha sahani polepole kuliko siku zote, nikiogopa kwamba nikifanya haraka neno lile litavunjika.

Asubuhi uliondoka mapema kwenda shule. Saa kumi na mbili na nusu nikampelekea chai ya maziwa, maana nilikuwa na furaha, nikathubutu kumpa mkononi badala ya kuweka mezani. Alininyooshea mkono wa kulia. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika juu ya mkeka. Akaniangalia. Hakusema neno, hata la kuuambia ukuta ili mimi nisikie. Mdomo wake ulikuwa umekaa vibaya, nikasema moyoni: amekunja uso. Amejuta yale ya jana. Ananirudisha mahali pangu.

Nikapangusa chai. Nikaokota vipande vyote, nikavihesabu nisije nikaacha kimoja kikamkata. Nikafunga mlango taratibu, nikaenda kazini. Nilifika dakika tano kabla ya wakati. Siku ile niliandika vyeti vya kuzaliwa bila kosa hata moja.

Saa kumi ulirudi nyumbani kutoka shuleni, ukatoka tena, ukanikuta njiani narudi. Ulikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki nyuma.

"Mama! Sogokuru ananiangalia lakini hasemi!"

"Unajua muzee ni vile yuko."

"Hapana, Mama. Hata na miye hasemi!"

Hata na miye. Hapo ndipo nilipoelewa, Asifiwe, katikati ya barabara. Mtu ambaye hasemi na binti yake anaweza kuwa na hasira. Mtu ambaye hasemi hata na mjukuu wake ni mgonjwa. Wewe mwenye miaka kumi ulijua tofauti hiyo kwa kumwangalia tu. Mimi mwenye diploma nilikuwa nimemwangalia asubuhi nikaona nilichokuwa naogopa kukiona.

Hospitalini docta kijana aliyechoka akaniuliza, bic iko tayari: "Ilianza saa ngapi, Mama?"

Nikasema: "Saa kumi. Mutoto alimukuta vile."

Hukunisikia, ulikuwa umeshika mkono wake wa kulia, unaupapasa kama mtu anayemwamsha mwenzake. Niliogopa. Mimi ni mtu wa karatasi, najua kilichoandikwa ndicho kinachobaki. Nilimwona docta akiandika: binti alimwona asubuhi, akapangusa chai, akaenda kazini. Niliona karatasi hiyo ikisomwa na shangazi yako, na watu wa kanisa, na wewe siku moja. Kwa hiyo nikampa saa nyingine. Aliiandika, na tangu siku ile ndiyo saa yake.

Sijui kama saa zile zingebadili kitu. Nimesoma kaye lako nikitafuta jibu, nimesoma kurasa za ubongo peke yangu wakati umelala, na bado sijui. Tafadhali usinifariji kwamba zisingebadili. Wala usinihukumu kwamba zingebadili. Mimi na wewe hatuwezi kujua. Tunachoweza ni kuandika saa ilivyokuwa.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Upande wa kulia ulilala, maneno yakaondoka. Wewe ndiye uliyekuja kunieleza baadaye kwamba ubongo wa kushoto ndio unaoshika mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaotunza maneno, na kwamba zile nyimbo na maneno ya mazoea huwa yanabaki wakati mengine yamekwenda. Uliponieleza hivyo ulikuwa umefurahi sana, uliruka. "Mama, ndiyo maana ya Bihogo!"

Ndiyo, Bihogo. Wiki nyingi baada ya hospitali nilikuwa namnywesha maziwa, kijiko kwa kijiko. Alitaka kuniambia kitu, uso ukawa mwekundu, jasho likatoka. Mara ikatoka sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto kule Masisi, ile sauti ndefu ya kuita ng'ombe jioni, na mwisho wake jina: Bihogo. Ng'ombe wake wa kahawia iliyoiva, aliyempenda kuliko wote, ambaye alikaa naye mpaka siku ya kuondoka kule. Akanishika mkono kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akarudia: Bihogo. Miaka kumi alikuwa hajaniita jina lolote. Katika kichwa ambacho kila kitu kilikuwa kimetolewa nje, alirudisha machache sana ndani, na mojawapo akanipa mimi.

Tangu siku hiyo mimi ni Bihogo, na nyumba hii ina amani. Nakuandikia nikiwa mtu mwenye kuridhika, usidhani vingine. Sasa hivi ameniita kutoka nje, nimetoka kuangalia, alitaka tu nione kuku amepata mdudu.

Lakini saa ile ya uongo ilibaki, nayo ilikua pamoja nawe. Uliamua kusoma ubongo kwa sababu yake. Uliandika ugonjwa wake katika kaye lako kama mfano wako mwenyewe, na kila tuliporudia ukurasa ule ulisema ukitembea: "Muzee, mwanzo wa ghafla, saa kumi alasiri." Nami nilishika kaye nikasema: "Ndiyo. Endelea." Nimesema "ndiyo" hiyo mara nyingi kuliko amina.

Mwezi uliopita yule profesa alikuja hapa Goma kuwahoji mnaotaka kuhamia shule yao. Ulirudi umevimba macho. Figo umejibu, kinga umejibu. Kwenye ubongo ukatoa mfano wa Sogokuru, naye akakukatiza. Ulinirudishia maneno yake ukiiga sauti yake nzito: "Saa kumi ni saa ulimukuta, mademoiselle. Siyo saa ilianza. Nani alimuonaka mwisho akiwa muzima?" Ukasema hujui. Akasema: "Mfano wako mwenyewe, tena wa nyumbani kwako, na hukuuliza?" Akakurudisha kwa sesio ya pili, mtihani wa marudio huko Bukavu.

Jioni ile ulikaa karibu nami jikoni, ukaniuliza kwa upole, bila kulaumu: "Mama, ni nani alimuonaka mwisho?"

Nikasema: "Sikumbuki."

Hilo ndilo baya kuliko yote, kuliko hata lile la asubuhi ya chai. Asubuhi ile sikujua. Jikoni nilijua, nikakuangalia ukilia kwa ajili ya jibu lililokuwa mdomoni mwangu, nikaendelea kumenya viazi.

Ofisini kwetu tuna desturi moja, labda umeniona nikiifanya. Karani akikosea kwenye kitabu, hafuti. Hapaki rangi nyeupe juu, hararui ukurasa. Anapiga mstari mmoja tu, ili kosa liendelee kusomeka, anaandika ukweli juu yake, anatia saini. Kila karani mpya anadhani ni aibu kuonyesha makosa namna hiyo. Mimi pia nilidhani hivyo. Sasa naona kitabu chenye mistari ndicho ninachokiamini. Kile kisicho na mstari hata mmoja huwa nakirudia kusoma mara mbili.

Leo nimefungua kaye lako, ukurasa wa ubongo. Nimepiga mstari mmoja juu ya "saa kumi alasiri". Juu yake nimeandika hivi: "Alionekana mzima mara ya mwisho usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenye chakula, akasema sentensi kamili akisifu maharage, mashahidi ni mjukuu na binti. Alikutwa hasemi, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna nguvu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na binti yake. Binti alidhani ni hasira." Nimetia saini yangu, ile ninayotia kwenye vyeti.

Ukitaka kumwambia profesa hayo yote, mwambie, hata sentensi ya mwisho. Ya mwisho hasa. Labda siku moja atakuja kwako mwanamke aliyevaa vizuri, mwangalifu, anayetaja saa haraka mno, kabla hujamaliza kuuliza. Usimkaripie. Muulize mara ya pili, polepole, na umpe kiti.

Barua hii naiweka kwenye ukurasa huohuo, kwa sababu najua kila siku kabla ya kulala unaufungua. Kwa hiyo utaisoma leo, nami nitakuwa jikoni naandaa vya njiani. Naogopa sana, sikufichi. Naogopa kwamba utaisoma na kunyamaza, na katika nyumba hii tulishapoteza mengi kwa kukisoma vibaya kimya cha mwenzetu. Ukiwa na hasira, njoo useme kwamba una hasira. Ukiwa na swali, uliza, nitajibu, hata kama ni lilelile la jikoni. Hatua ni sita, unazijua. Safari hii hubebi maneno ya mtu mwingine.

Na kesho bandarini najijua nitakavyokuwa. Tutakuja na Sogokuru, nimeshamwahidi. Boti ikianza kusogea, sitaweza kukuaga kwa neno lolote. Usianze kukisia. Fanya kama unavyowapima wagonjwa wa kiharusi: geuka utuangalie, kutoka katikati ya boti, na utuombe kwa ishara tuinue mikono. Mimi nitainua yote miwili, juu, sawasawa, mpaka usituone tena. Sogokuru atainua ule wa kushoto, na kama upepo ukituelekea vizuri utamsikia akiita ng'ombe.

Halafu angalia saa, uiandike, ili mtu akikuuliza ni lini ulituona mara ya mwisho tukiwa wazima, uwe na jibu.

Mama yako,
Bihogo